Majina Tisa Juu ya Karai

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Asangazy amekuja shuleni na karatasi ya wilaya. Pasipoti ya mji, ndivyo wanavyoiita. Sehemu tatu: jiografia, historia, idadi ya watu. Mwisho Ijumaa. Eti mimi ndiye mwalimu wa jiografia, basi nijaze. Mwenyekiti wa mji ni yeye, mshahara wa uenyekiti ni wake, mwandiko mzuri ni wangu!

Jiografia nimeimaliza kwa kikombe kimoja cha chai. Boz-Bulun: bonde jembamba, mto mmoja, barabara moja, theluji mlimani tangu Oktoba. Januari jua linatutazama kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, kisha linakwenda zake. Ng'ambo ya mto ni makaburi – vijumba vya tope vyenye kuba, vimepangwa mitaa kwa mitaa. Mgeni akishuka kutoka juu hudhani ule ndio mji, na huu wetu ni magofu. Hilo sikuliandika.

Historia nayo fupi. Hapa babu zetu walikuja na mifugo kujikinga na baridi. 1951 ukafunguliwa mgodi. Wakaja Warusi, Wajerumani, sinema, duka la keki. 1983 tulikuwa elfu mbili na mia nne. 1994 mgodi ukafungwa, watu wakaondoka na madirisha yao, wakabakiza matundu.

Idadi ya watu, hapo ndipo penye kazi. Asangazy alinieleza taratibu huku akizungusha kofia mikononi: mji usiofika watu mia haupewi shule wala trekta la kusukuma theluji.

"Tuko wangapi, Mwalimu?"

"Nitahesabu."

"Hesabu kwa moyo," akasema.

Jumatano, 6 Novemba

Tisini na moja.

Nimehesabu mara mbili. Kwanza kwa moshi, kama walivyofanya wazee: asubuhi unapanda kilima cha shule, unahesabu mabomba yanayotoa moshi. Moshi mmoja, kaya moja. Moshi thelathini na moja. Kisha mlango kwa mlango na daftari. Nyumbani kwangu nilimuuliza mama mkwe kwa heshima zote: jina, mwaka wa kuzaliwa. Kalbubu ana miaka themanini na moja na miguu yake haifiki tena mlangoni, lakini ulimi unafika popote. "Niandike nusu," akasema. "Nusu ya chini nimeshaitanguliza."

Asangazy amekuja jioni. Anataka tuongeze wale tisa walioko Urusi kwenye vibarua, ambao nyumba zao ziko hapa na kufuli mlangoni. Familia zimekubali. Wa kwanza Sherkul, asiye na mke wala ndugu wa karibu. Wa pili Kubat, kaka yake Anarkul jirani yangu. Wa tatu Ulukman, mwanangu. Na sita wengine.

"Wapo," alisema Asangazy, "ila hawapo."

Nina wanafunzi kumi na wanne. Mdogo kuliko wote ana miaka saba na bado analala na dada yake. Nimpeleke bweni wilayani? Nimeandika tisa. Mia moja kamili.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimefanya kosa. Sijui niliite nini.

Leo siku ya mikate. Nilikuwa jikoni nakaanga ile saba ya kila Ijumaa kwa ajili ya marehemu wetu, mafuta yanachemka, harufu imejaa nyumba nzima, nami nimefika mkate wa nne. Asangazy akaingia na viatu vyake. Gari la wilaya linamsubiri darajani. Anataka kuhakiki wale tisa na nakala yake, na miwani ameisahau.

"Nisomee tu, shemeji, nitie alama."

Nikasoma. Mkono mmoja mti wa kusukumia unga, mkono mwingine karatasi. Nilisoma kwa sauti ya darasani, polepole, kila mmoja na jina la baba yake. Sherkul mwana wa Bolot. "Yupo," anasema Asangazy, anatia alama. Kubat mwana wa Tilek. "Yupo." Ulukman mwana wa Jenish. "Yupo." Mpaka wa tisa. Akachukua karatasi, akachukua na mkate mmoja, akaondoka.

Kutoka chumbani Kalbubu akaniita kwa jina, jambo ambalo halifanyi.

"Batmakan. Umewataja akina nani hapo?"

Nikamwambia. Karatasi ya wilaya, mama, watu tu.

"Karai lilikuwa motoni?"

"Ndiyo."

"Zima jiko."

Sisi majina tunayataja juu ya mafuta ya moto mara moja tu kwa wiki, na wanaotajwa ni waliokwisha kwenda. Harufu inakwenda kwao, ndiyo riziki yao. Ukimtaja, umemkaribisha. Kila mtoto wa hapa anajua. Mimi najua! Nimekaanga miaka thelathini.

Nilisema mama, lile lilikuwa jambo la serikali. Akajibu kwamba mafuta hayajui habari za serikali.

Jumamosi, 9 Novemba

Nilipanda kilimani kuchora ramani ya mji kwa ajili ya darasa la sita. Nikahesabu moshi, mazoea tu. Thelathini na mbili. Nikahesabu tena.

Ule wa ziada ulitoka kwa Sherkul. Mwembamba, wa samawati, unapanda wima. Nyumba ile imepigiliwa mbao madirishani miaka mitano sasa. Nilishuka hadi pale. Kufuli lina kutu. Theluji haina unyayo wowote ila wangu. Lakini juu ya paa, kuzunguka bomba, theluji imeyeyuka duara la upana wa sinia. Nikaweka kiganja ukutani. Ukuta baridi.

Nilijiambia ni paka ameingia. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba paka hawashi jiko.

Jumapili, 10 Novemba

Sherkul amekufa. Jana alfajiri, kwenye kontena wanalolala vibarua, hewa ya jiko la makaa. Wenzake wanne waliamka, yeye hakuamka. Mmoja wao amesimulia kwenye simu kwamba jioni yake Sherkul alikuwa na furaha, akizunguka kontena kunusa, akiuliza ni nani anayekaanga mikate.

Ulukman hunipigia Jumapili saa sita. Leo hakupiga.

Jumanne, 12 Novemba

Moshi thelathini na tatu. Sikutaka kupanda. Nimepanda.

Nyumba ya Kubat. Ufunguo anao Anarkul, nikaenda kumgongea, nikasema nimeona kama moshi, isije ikawa moto. Tulifungua pamoja. Vumbi, kalenda ya 2016, majivu ya zamani yamekuwa magumu. Anarkul aliingiza mkono ndani ya jiko hadi kiwiko, akautoa.

"Dada, macho yako hayo. Utavaa lini miwani?"

Nikamwambia ampigie kaka yake. Akapiga. Kubat akapokea! Niliisikia sauti yake, ileile nzito, analalamika juu ya msimamizi wao. Nikaanza kuona haya. Kisha akamuuliza Anarkul kama leo wanakaanga nyumbani, maana harufu imemfuata tangu asubuhi na amepata hamu ya kurudi.

"Njaa hiyo," Anarkul akamwambia, na kucheka. "Nenda kale."

Sikumweleza. Ningemweleza nini? Kwamba kaka yake ni wa pili kwenye orodha, na kwamba nimeanza kuangalia wa tatu?

Jumatano, 13 Novemba

Kubat. Asubuhi, kituo cha basi, ameketi. Wanasema moyo. Miaka thelathini na nane.

Nilikwenda kwa Asangazy nikamwambia airudishe ile orodha, nimekosea, tuko tisini na moja. Hakunitazama usoni. Imeshapokelewa, akasema, wametugongea muhuri, trekta litakuja.

"Ifute, Asangazy."

"Hata nikifuta karatasi, Mwalimu." Hakumaliza. Kumbe naye anajua. Yeye ndiye aliyekuwa akijibu "yupo".

Simu ya Ulukman haipatikani. Nimepiga mara kumi na saba.

Alhamisi, 14 Novemba

Sikuhitaji kilima. Nyumba tuliyomjengea Ulukman iko uani kwetu, naiona nikiwa kitandani. Jiko lake halijawashwa hata siku moja – tunangoja aoe. Asubuhi bomba lilikuwa linatoa moshi. Nilitoka bila viatu. Mlango nikausukuma, ndani kuna mifuko ya saruji na ngazi, basi. Nimekaa juu ya mfuko wa saruji nikaita jina lake, kisha nikaziba mdomo, nikaogopa nimemwita tena.

Saa tano akapokea. Simu ilikuwa imeharibika, amenunua nyingine, nisigombe. Anaongea kwa haraka, yuko ghorofa ya saba, upepo unapiga.

"Mama, kuna kitu cha ajabu. Huku juu hakuna hata jiko, lakini nasikia harufu ya mikate yako."

Nikamwambia ashuke. Ashuke sasa hivi, aende chumbani, asiguse makaa, asipande basi, alale chini sakafuni. Akacheka.

"Unataka nifukuzwe kazi? Mama, umeanza kuzeeka na bibi?"

Nililia, akaogopa, akaahidi kushuka. Sijui kama alishuka. Ana miaka ishirini na sita na hanisikilizi tangu alipokuwa na kumi na miwili.

Mchana Sherkul ameletwa kwenye sanduku. Tumemzika ng'ambo ya mto. Watu wote wa mji walikuwepo, na nilijikuta nawahesabu. Wakati wa kurudi Anarkul alinipita bila salamu. Asangazy atakuwa amemwambia.

Jioni nilimweleza Kalbubu yote, hadi ile harufu ya ghorofa ya saba. Alisikiliza huku amefumba macho. Akauliza nani anafuata baada ya Ulukman, nikamtajia. Akauliza kama huyo ana watoto. Ana watatu. Akasema kesho nimsaidie kufika jikoni, atakaanga mwenyewe.

"Mama, hujasimama miaka miwili."

"Nitakaa. Karai liko chini ya kidevu changu hata nikikaa."

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika haraka, ili nisibadilishe mambo baadaye.

Nilimbeba mama mkwe hadi jikoni. Ni mwepesi mno. Alitaka kitambaa cheupe kichwani, kile kipya. Unga aliusukuma vibaya, mkate wa kwanza ukatoka na pembe tatu. "Mzee wangu atanicheka," akasema, yaani marehemu mumewe. Tulicheka. Nakiri, tulicheka vizuri kabisa.

Alikaanga yote saba. Kisha akafungua viganja, akasoma dua, akaanza kutaja. Mumewe. Mwanawe Jenish, mume wangu. Sherkul. Kubat. Nikadhani amemaliza.

"Na badala ya wale saba waliosomwa kimakosa," akasema, kwa sauti ya mtu anayebadilishana kitu dukani, "Kalbubu binti Mamyr. Mmoja, lakini mkubwa. Msimngoje mwingine."

Mafuta yalikuwa bado yanachemka. Jiko lilikuwa karibu na mkono wangu, ningeweza kulizima kabla hajafika neno la pili. Nilielewa tangu kitambaa. Tangu jana nilielewa, alipouliza habari za watoto. Miaka thelathini na moja amekuwa mama kwangu kuliko aliyenizaa, na sikulizima. Nilitaka aseme. Nilingoja amalize jina la baba yake ili liwe sahihi.

Alinitazama. Alijua. "Usikae na uso huo, mkwe. Ungefanya hivyohivyo kwa mjukuu wako." Akala mkate wake wenye pembe tatu, wote, akaomba nimrudishe kitandani na nimletee chai baadaye, si sasa.

Saa saba na nusu simu ikaita. Ulukman! Hakwenda kazini, amelala sakafuni kama nilivyomwambia, wenzake wanamcheka. Ile harufu imekatika, akasema. Ghafla tu, kama mtu amefunga mlango. Amekunywa supu. Atakuja majira ya kuchipua, na kuna msichana anataka kunieleza habari zake. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Moyo ulinijaa mpaka nikakaa chini.

Nikapaza sauti kwenda chumbani: "Mama! Ni Ulukman, mzima!"

"Alhamdulillahi," akajibu. Nilimsikia wazi. Hiyo ilikuwa saa saba na dakika arobaini.

Sasa ni saa nane na robo, jua limekwenda nyuma ya mlima. Nimemimina chai yake. Nimemwita mara mbili kutoka hapa jikoni. Mlango uko wazi, ni hatua sita, naona mguu wa kitanda na ncha ya blanketi. Nikimaliza mstari huu nitakwenda. Chai bado ya moto. Nitaandika mstari mmoja tena.