Magunia ya Kapteni

Moroni, 11 Machi 1981. Miezi saba tangu nitoke Mombasa.

Kapteni, yule mamluki, anataka kuibinua ndege kuukuu ya injini mbili juu chini, watu wamshangilie. Tuling'oa viti, mkia ukawa mwepesi. Akaagiza magunia ya mchanga ya kuukandamiza. Nikaulizia kamba za kuyafungia. Hakuna.

Nimekuwa kuli bandarini miaka kumi. Mzigo usiofungwa huhama hata meli ikiinama kidogo, sembuse ndege iliyopinduka. Nilimwambia. Akacheka.

Fundi Saidi akanitafsiria Kifaransa chake: "Anasema kesho jioni upande ndege wewe, uyashike magunia."

"Na mimi nitashikwa na nani?"

"Kaka, hilo sitafsiri."

Mtu bure kabisa yule Kapteni, na bastola yake kiunoni. Naogopa, sifichi. Kesho alfajiri napanda meli ya kwenda Mutsamudu, bandari ya kisiwa jirani, nitafute chombo cha kwetu. Mwisho wa mwezi, inshallah, niko Mombasa kwa mama.