Jina Nisilolitaja Mahakamani

Mbeya, Jumatano, Juni 1957

Baridi ya leo haina huruma. Ukungu haujatoka mlimani tangu asubuhi, nami nimekaa jikoni kwa dada yangu na daftari hili magotini. Moyo wangu mzito.

Ijumaa wanaonidai watagawana pesa za mauzo ya hoteli yangu ya chai kule Chunya: sufuria, meza, mabati. Wachimba dhahabu walihama na madeni yao ya chai na maandazi, sikuwa na la kufanya ila kwenda mahakamani kutangazwa muflisi. Karani aliandika kila niliyemtaja. Mwenye duka la unga. Mwenye lori. Mwenye nyumba.

"Mwingine nani anakudai, mama?"

"Hakuna mwingine, bwana." Na nikaapa.

Yuko mwingine. Baba mkwe.

Mume wangu alipofariki, mzee yule aliuza ng'ombe wake wawili ili nifungue hoteli, nilishe watoto. Walikuwa ng'ombe wa mahari ya mwanawe mdogo, Ambakisye, na niliahidi kuwarudisha. Sasa, kwetu Unyakyusa mke hatamki jina la baba mkwe, wala hakutani naye uso kwa uso. Nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite. Miaka kumi na moja sijalitamka jina lile, hata kanisani wakimwombea.

Wiki zote hizi nimejiambia kwamba ni mwiko ulionifunga mdomo.

Jana Ambakisye alifika kutoka Tukuyu. Alikunywa uji, akainamisha kichwa, akasema, "Shemeji, baba anakusalimu sana. Wazazi wa binti wanauliza ng'ombe. Baba kawaambia wasubiri, mkwe wake hawezi kumsahau."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda la kuku.

Maana ukweli ni huu, na niuandike kabla sijaupaka sukari. Ningesema tu "baba wa marehemu mume wangu", karani angenielewa. Lakini kila jina likiongezeka, mafungu ya wengine yanapungua, na wale wangekuja kunipigia kelele mlangoni. Mzee hawezi kuja. Heshima inamzuia hata kunitazama. Nilimwacha yeye kwa sababu nilijua hatanidai.

Nina aibu, nina aibu mno.

Karani alisema aliyesahauliwa anaweza kuongezwa kabla ya Ijumaa. Baada ya hapo hapati kitu. Kwa hiyo kesho nitakwenda na Ambakisye. Jina la baba yake atalitaja yeye. Kisha karani ataniuliza kwa nini niliapa kwamba hakuna mwingine, na nitajibu shemeji yangu akisikia.

Bado sijamweleza. Nimemwambia tu avae shati safi. Sasa hivi yuko uani analipiga pasi, anadhani tunakwenda kuchukua hela ya ng'ombe wake.