Sipika Mbili Bila Jina

Nchelenge, juma ya pili kisha Pasaka

Kwako yaya Alufonsi, kaka yangu mukubwa,

Jambo yako yaya, na jambo ya bibi yako, na ya batoto bote. Munalala aje? Na mugongo ya mama, ile ilikuwa inamukamata kila asubuhi, imemuachilia kidogo? Sisi huku tuko, Mungu anatuchunga. Felisi ameota meno mbili ya chini. Sasa ananiluma wakati ananyonya, kisha ananiangalia na kucheka. Mwili yetu iko muzima. Roho njo haiko muzima, yaya, na ni juu ya ile ninakuandikia mbio. Mashua ya samaki inavuka kesho kwenda Kasenga, na dereva moja wa kamyo ameniahidi kubeba hii barua mpaka Elisabethville, mpaka ku mulango ya ateliye fasi unatengeneza maradio.

Sikiliza. Huku iko mama moja, banamwita Bana Mutale. Anauzisha kombo, ni kusema nguo na vitu ya zamani ya bazungu, inatoka kule kwetu Congo kwa mashua. Anatupa vyote chini kama mulima, kila mutu anachimba na mikono. Nilienda kutafuta kipande ya blanketi ya mutoto. Chini ya makoti nikagusa mbao. Sanduku mbili, sawasawa kama mapacha, mbele kitambaa ya rangi ya asali, nyuma waya zinaning'inia. Nikajua mara moja: ni vinywa ya kutosha sauti ya radio, ile wewe unaita oparlere, huku banaita sipika. Niliziona mara ngapi ku meza yako!

«Bana Mutale, hii inatoka wapi?»

«Inatoka chini ya makoti.»

«Mi nauliza, ilikuwa ya nani?»

«We mwana Congo, unataka kuolewa nayo? Kama hautaki, acha. Bamama ba kijiji ya Puta batafuga kuku ndani.»

Nikamulipa, nikabeba moja ku kichwa, Felisi ku mugongo, kisha nikarudilia ya pili. Baba Felisi, ule Chanda wangu, alipata radio ya batri mwaka jana, lakini sauti yake iko kama ya mutu mugonjwa. Nikafikiri: na hizi tutasikia Kiswahili ya kwetu muzuri, pengine siku moja batataja hata kampi yetu ya kule, fasi tulikomalia. Njo furaha ilinipeleka.

Ku mulango mama mukwe akanisimamisha na mukono. «Mwana, kitu ya mutu asiyejulikana haiingie fasi mutoto ananyonya. Unajua kama mwenyewe alikufa? Sugua kwanza.» Huku njo desturi: kiti ya kombo, sahani, sanduku, yote inasuguliwa na majivu na muchanga ya ziwa mbele ya kuingia. Nikasugua, yaya. Unajua vile ninasugua sufuria. Nyuma ya kila moja kulikuwa kibati kidogo na maandiko ya rangi nyeupe. Nikaona ni uchafu tu, nikasugua mpaka bati ikang'aa. Hata sikusoma. Mimi mwenye nilifika darasa ya tatu, sikusoma!

Kisha siku ine kapasu akafika, ule askari ya chifu. Balikuwa bamemwambia kama kwa Chanda kuko sipika. Kumbe kiangazi iliyopita, kule Puta, batu baliiba sipika mbili za kamyo ya serikali, ile inaonyesha sinema. Akazigeuza, akapitisha kidole ku bati.

«Chanda, jina iko wapi?»

«Ilisuguliwa, mukubwa. Ni majivu ya desturi, unaijua.»

«Ninaijua. Kwangu pia tunasugua, lakini hatusugue mpaka jina inakufa. Nani alisugua?»

Mi nilikuwa nyuma ya mulango na mutoto. Nikafungua kinywa, lakini baba Felisi akanitangulia: «Ni mimi.»

Yaya, ule mwanaume hajasugua hata kikombe tangu anioe. Kapasu mwenyewe alicheka. Lakini akabeba kafi zote mbili za mutumbwi, akasema Chanda asiguse ziwa mpaka muzungu wa boma apite, juma ijayo. Kama hataonyesha zinatoka wapi, atafungwa. Nikakimbia kwa Bana Mutale. Akaniambia hajauzisha sipika hata siku moja, yeye anauzisha nguo. Anaogopa. Simukasirikie sana, ana batoto sita na hana bwana.

Njo nikajiuliza: Alufonsi angefanya nini? Kwanza nikauliza bale baliona ile sinema. Bote banasema neno moja: sipika za kamyo zilikuwa za chuma, mudomo wazi kama ua ya malenge, mvua ilikuwa inazipiga na zilikuwa zinasema tu. Zetu ni mbao na kitambaa, na nyuma ya kitambaa ni karatasi nyeusi ya muviringo. Mvua ya siku moja ingeiua. Nikamufuata kapasu na kumwambia. Akajibu: «Mama, mi sijue maua. Mi najua jina haiko.»

Nikarudi, nikafungua. Na kisu ya samaki nikatosha misumari munane ya kuzungusha. Sumaku ya ndani ikanyakua kisu mu mukono yangu, nikapiga kelele, Felisi akaanza kulia. Lakini ndani majivu haikufika! Karatasi ya moja ilipasuka zamani, na mutu aliibandika kipande ya ngozi laini, polepole, kama mutu anafunga kidonda ya mutoto. Na ku mbao, na kalamu ya risasi iliyobonyea ndani, moja imeandikwa gauche, ingine droite. Kushoto na kuume. Ni Kifaransa, yaya. Kamyo ya serikali ya huku ingeandikwa Kingereza. Chini ya gauche kuko tena herufi mbili, pengine ni alama ya fundi, sizielewe muzuri.

Nimeweka karatasi juu yake na kupitisha makaa, njo ile nimekunja ndani ya hii barua. Angalia mukono ya ule mutu, vile anaandika. Uliza bafundi benzako: nani alitengeneza sipika mbili za nyumba moja kubwa, ya kushoto na ya kuume, akabandika ngozi? Zilikuwa za kanisa? Za fasi ya kucheza dansi? Ukipata, andika, na patron wako, mukubwa wa ateliye, apige muhuri. Bazungu banaamini muhuri. Na kama haukupata, andika vilevile, nisikae kungojea bure.

Muzungu akifika mbele ya jibu yako, nitasimama mimi. Nitafunga Felisi ku mugongo na nitasema: mukono ilisugua ni hii. Baba Felisi anakataa, anasema bibi ananyonyesha haende kujibu maneno ya boma. Lakini sitaweza kumuacha afungwe juu ya uongo alisema kwa kunificha.

Salimia mama, umwambie habari ya meno tu. Hii ingine umufiche. Salimia baba mudogo, ule wa kazi ya treni, na shangazi anatuchungia nyumba, na binti yako ule ana jina yangu, umubusu ku paji.

Ninafunga hapa. Bavuvi benzake Chanda bamekwisha kwenda kuvua ku Chisenga, mitumbwi yao haionekane tena. Baba Felisi anaketi ku mulango anashona wavu. Niliiangalia asubuhi, yaya, haina tundu. Anashona tu fasi iko nzima.

Ni mimi mudogo yako wa tumbo moja,
Veronika, mama ya Felisi