Ndigana Mbili Zizini kwa Baba Mkwe

Mjukuu wangu Minza,

Mwangaluka. Hapa Mwandoya tu wazima, pamba imeshatoka shambani, na mama yako anakusalimu. Umeniuliza nilijuaje kutofautisha ndigana kali na ndigana baridi, nami sikusoma chuo cha mifugo kama wewe.

Nilikuwa mke mgeni. Ndigana kali, ile ya kimelea, ilikuwa imeua ndama wetu, tezi zimemvimba chini ya masikio na mbele ya mabega. Baadaye ng'ombe wa maziwa naye akapata homa, akagoma kula. Baba mkwe akachukua kisu. "Ni ileile. Tumchinje kabla hajafa."

Mimi ndiye niliyemkamua kila siku. Nikampapasa, tezi hazikuvimba. Ufizi ulikuwa mweupe wenye unjano, kinyesi kigumu na kikavu. Niliogopa sana, maana mkamwana hambishii mkwe. Nikapiga magoti.

"Baba, huyu anaumwa kingine. Tumngoje bwana mifugo."

Akarudisha kisu ndani.

Bwana mifugo alipompima akasema ni ndigana baridi, ya bakteria, akamchoma sindano. Ng'ombe alipona polepole.

Zote mbili huletwa na kupe, na homa zake zinafanana. Wewe una hadubini, itumie, ila mshike mnyama kwanza.

Baba mkwe hakunisifu. Lakini tangu hapo, ng'ombe akiugua, aliniita zizini kabla ya wanawe.

Bibi yako,
Ngolo