Kurasa Sita Kabla ya Sabato

Nyansiongo,
Jumapili.

Mdogo wangu mpendwa Makori,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuacha. Sisi tupo. Baba anakula kidogo kidogo, majani ya chai yanatushinda kuchuma, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike.

Uliniuliza kwa simu nilisoma muda gani kwa ule mtihani wa kuingia uzamili, kwa kuwa na wewe unataka kuufanya. Nilikata simu nikasingizia mtandao. Haukuwa mtandao, ndugu yangu. Nakuandikia kwa sababu kwenye karatasi nitasema hadi mwisho.

Nilisoma miezi minane. Wenzangu waliniambia mitatu inatosha, nikawaona wavivu. Unanijua kichwa changu kilivyo kigumu! Nilijifungia kwenye kile chumba chako cha nje, na Baba akaamuru mtu asinisumbue. Mama alichuma chai peke yake, akaniletea uji, akauacha mlangoni na kurudi zake. Sabato vitabu hufungwa, unamjua Baba, kwa hiyo kila Ijumaa nilisoma kama mwendawazimu, nikishindana na jua.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Ulipokuja kumzika Mama ulimsikia Baba akiwaambia waombolezaji kwamba alikwenda kimya, bila kuugua, bila kumsumbua yeyote. Si kweli. Ijumaa ile, saa kumi alasiri, Mama alinibishia mlango. Alisema kifua kinambana na mkono umekufa ganzi, akaomba nimsindikize zahanati. Nilimjibu bila kufungua. Nilimwambia nimebakiza kurasa sita, na jua likizama sitagusa kitabu hadi kesho jioni, basi anivumilie kidogo. Hakugomba. Alisema sawa, acha amalizie kupika chakula cha Sabato.

Nilizisoma zote sita, Makori. Baba alipotuita kwa ibada ya kufungua Sabato nilitoka nimefurahi, nikapitia jikoni kumwita. Nilimkuta ameanguka kando ya meko, na ndizi zimeungua kwenye sufuria.

Mtihani nilipita. Katika zile kurasa sita halikutoka hata swali moja. Barua ya chuo Baba huenda nayo kanisani kwenye mfuko wa koti, anawaonyesha watu, anasema Mama angefurahi. Kila akisema hivyo natamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo miezi usiniulize tena. Njoo Sabato ijayo, tafadhali, ukae kando yangu nikimwambia. Peke yangu nimejaribu mara tatu, nikaishia kumuuliza kama anataka chai.

Msalimie rafiki yako Ogada unayeishi naye. Baba anakusalimu pia, ingawa hajui ninachokuandikia. Ukifika usishangae kukuta chumba chako hakina mlango. Niliung'oa mwenyewe, nikamwambia Baba umeliwa na mchwa.

Ni mimi dada yako,
Nyanchera