Mnara wa Sukari Uliolala Jeddah

Mdogo wangu Mwanakombo,

Pokea salamu za kalamu kutoka huku Riyadh, maana za simu umezichoka. Mama vipi magoti yake? Anapanda ngazi mwenyewe au bado anashikwa mkono? Na wewe bibi harusi, unakula? Mimi mzima wa mwili. Hapa mtaa wa Olaya mzima hakuna mtu wa pwani anayeijua siagi kama mimi, na usicheke, kwani hata shefu wetu Mtunisia husema, "Athumani, mdomo wako ni mkubwa kuliko oveni, lakini mkono unao."

Barua hii anakuletea jirani yetu Shee, anayerudi nyumbani. Nimeandika kwa sababu sheikh wa harusi anataka maandishi. Sababu yenyewe inaniuma, basi nivumilie niizunguke kidogo.

Unajua kafili, bosi wangu mwenye duka la keki, alininyima ruhusa ya kusafiri, mkaahirisha harusi kwa ajili yangu. Sikuacha kumwomba. Siku moja akaja dukani na simu yake. Binti yake anaolewa Jeddah, na ameona mnara ambao Wafaransa huujenga harusini, wa vitumbua vidogo vilivyogandishwa kwa sukari. "Athumani, unaweza?"

Mimi nisiweze? Nikamwambia, "Bosi, naweza. Na mimi dada yangu anaolewa. Baba yetu amefariki, walii wake ni mimi. Nikikujengea, nipe ruhusa nikamwozeshe."

Akasema, "Tayib. Mnara ukisimama, safari ipo."

Ewe Mwanakombo, ungeniona! Vile vitumbua havikaangwi. Unga wake unaupika kwanza sufuriani kwa maji na siagi mpaka uache kushika chini, halafu unautia yai moja moja, ndipo unauingiza ovenini. Na mlango usifungue! Ukichungulia tu, vinanywea. Usipochungulia vinavimba, nje vikavu, ndani hewa tupu kama hotuba ya mgombea udiwani. Hewa ile ndiyo nafasi ya krimu. Kisha unachemsha sukari mpaka iwe rangi ya chai ya rangi, unachovya, unabandika, unachovya, unabandika, na vidole vinaungua huku unacheka. Ukiuma kimoja, nje kinalia kach, ndani baridi laini, unajikuta umefumba macho. Wafaransa wana mambo yao, lakini hapo wamepatia.

Riyadh niliujaribu mara nyingi, ukasimama kama nguzo ya taa. Jioni nikawa nafanya mazoezi ya lile neno la walii mbele ya oveni: "Nimekuozesha dada yangu Mwanakombo." Msudani anayeosha sufuria ananijibu, "Nimekubali!" Amekubali kukuoa sijui mara ngapi, na ana wake wawili.

Tukaenda Jeddah. Harusi ilikuwa bustanini, karibu na bahari. Nikaujenga mnara jua linazama, mrefu kunizidi mimi, nikauzungushia nyuzi za sukari kama dhahabu. Wanawake hawajaingia bado. Nikarudi nyuma niutazame, nikaona unatoa jasho. Wallahi, jasho! Sukari ikaanza kuteleza, vitumbua vikakaa upande, kisha mnara ukainama polepole kama mtu anayerukuu, ukalala juu ya kitambaa cheupe. Madam, mke wa bosi, akapiga ukelele. Bosi akautazama, akanitazama mimi. Hakunitukana, afadhali angenitukana.

"Ruhusa mafi, Athumani. Halas." Yaani ruhusa hakuna, yamekwisha.

Nikaenda mtaa wa Ghulail kwa Bi Zuwena, mama mmoja wa Kizanzibari anayeuza mandazi, aliyezaliwa hukohuko Jeddah. Nikamweleza yote. Akapiga makofi.

"We mwana wa Mombasa! Kwenu chumvi haikauki mezani, leo umekuja kugandisha sukari pwani? Hukuuhisi unyevu wa hiyo hewa?"

"Niliisahau, bibi. Riyadh hata shuka hukauka kabla hujaianika."

Akanitilia chai, akasema, "Basi lia, baba. Hapa hakuna bosi." Nikalia, mdogo wangu, mimi mwenye mdomo huu.

Na mnara niliowatangazia mtaa mzima kuwa nitakujengea, hata ningekuja ungelala vilevile. Bahari ni moja kwa tabia. Waambie watu Athumani amekuokoa na aibu.

Sasa lile jambo. Wakwe zako wamengoja vya kutosha, na Faraji ni kijana mzuri. Msiahirishe tena. Mimi Athumani, kakake Mwanakombo kwa baba na mama, nimemweka Ami Twalibu, ndugu wa marehemu baba yetu, kuwa wakili wangu, amwozeshe dada yangu kwa Faraji, kwa ridhaa ya bibi harusi mwenyewe. Shefu na Msudani wametia sahihi chini kuwa mashahidi. Msudani alishika kalamu muda mrefu, hakutania.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Nisalimie Ami, mwambie aseme lile neno kwa sauti, asimung'unye. Nisalimie jirani yetu anayetuazima sufuria kubwa ya pilau, na Faraji, mwambie sura yake naijua, akikununia nitajua.

Na wewe, Ami atakapoingia chumbani kukuuliza kama umeridhia, usinyamaze ukisikiliza mlango. Si mimi ninayekuja. Jibu.

Ni mimi kaka yako,
Athumani