Utani wa Kondo na Seti za Dramu

Jumatano, jioni. Vumbi la leo limeingia hadi kwenye sufuria. Mawingu yamesimama upande wa Sikonge tangu asubuhi na hayasogei. Nimefunga duka mapema nikarudi nyumbani Cheyo, na nina hasira ambayo sijui niipeleke kwa nani.

Tangu mume wangu Maganga afariki, duka la ngoma naliendesha mwenyewe. Yeye alichonga ngoma za mninga na kuziwamba kwa mkono wake, na bendi za jazi aliziagizia seti za dramu kutoka Dar es Salaam, zikaja kwa treni. Mimi sichongi. Kuwamba najua, na kuisikiliza ngozi najua, kwa sababu miaka yote aliniita kutoka jikoni: "Mama Nyamizi, njoo usikie hii. Ina mafua, au ni masikio yangu?" Nilikwenda na unga mikononi. Mara nyingi yalikuwa masikio yake.

Wiki iliyopita kiongozi wa bendi ya wakulima wa tumbaku alikuja kwa baiskeli kutoka Sikonge. Anataka seti nzima, wapige kwenye sherehe za Uhuru. Nikamwambia asiwe na shaka, ataipata kwangu. Alipoondoka nilijiona nimesimama pale mlangoni kama alivyokuwa akisimama Maganga.

Leo nikaenda posta kupiga simu Dar. Tajiri aliyekuwa akituuzia akaniambia haruhusiwi tena. Seti mpya zote zinapelekwa kwenye maduka ya kampuni ya umma, na si seti tu, hata ngozi za akiba na pedali. "Hapo Tabora, mama, kamwulize Kondo," akasema.

Kondo!

Kondo ndiye meneja wa duka la kampuni hapa mjini. Ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wetu. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wakapita kwao wakila, wakigombana na kupatana, na tangu hapo hakuna neno la Mzaramo linalomkasirisha Mnyamwezi. Siku tuliyomzika Maganga, Kondo alijilaza mbele ya jeneza akakataa kuondoka. "Huyu hapiti mpaka niambiwe nani anarithi! Mjane ni wangu, na ngoma zote ni zangu!" Watu walicheka huku wanalia. Mimi pia nilicheka, na kicheko kile ndicho kilichonisaidia kufika makaburini.

Sasa mwezi uliopita alisimama mlangoni pa duka langu. "Mjane wangu, funga kibanda hiki," akasema. "Dramu zote za mkoa huu sasa ni zangu peke yangu."

"Mzaramo gani anajua ngoma?" nikamjibu. "Ninyi mnajua kuicheza tu, mpaka shamba linaota nyasi."

"Basi nyasi hizo utakuja kuzila wewe."

Tukacheka sana. Alipoondoka nilimsimulia jirani yangu, tukacheka upya.

Kumbe alikuwa ananiarifu.

Kutoka posta nilikwenda moja kwa moja dukani kwake. Seti zimepangwa dirishani, nyekundu zinazong'aa, matoazi yake kama jua la saa saba. Sitasema uongo: ni nzuri. Nikamwambia nataka moja nikamwuzie mteja wangu, na ngozi za akiba.

"Siwezi kumwuzia mwenye duka. Bendi ije yenyewe."

"Acha utani, Kondo."

"Mama Nyamizi, sitanii."

Alikuwa hajawahi kuniita Mama Nyamizi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kweli hatanii.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja mpaka mlangoni kwako nikakwambia. Ukanitukana ukoo mzima."

Ni kweli. Lakini ni nani anayeleta habari ya msiba akiwa amevaa kilemba cha harusi?

Halafu akainama kwenye kaunta, akasema polepole kwamba anatafuta mtu wa kuuza, mtu anayejua ngozi. Nifunge duka, niende kwake. Nikasubiri acheke. Hakucheka.

Niliondoka bila kuaga.

Tangu nirudi najaribu kuwa mwadilifu katika mawazo yangu. Siupingi Ujamaa. Siku ya Azimio la Arusha tulipiga ngoma mpaka viganja vikavimba, na ngoma zile zilitoka dukani kwetu. Najua walikuwapo wafanyabiashara waliotunyonya. Lakini Maganga alikuwa na patasi, nyundo na kifua kibovu. Alimnyonya nani? Mteja alipokuja akilalamika kwamba dramu yake imelegea, Maganga aliivua ngozi akaikaza palepale, wakapiga pamoja hadi watu wakajaa barazani. Huko dirishani kwa Kondo, dramu ikilegea utaambiwa usubiri ngozi ije kutoka Dar.

Na bado simchukii Kondo. Hilo ndilo linalonichosha. Ningekuwa na adui ningelala vizuri zaidi.

Nilidhani nikilishika duka, Maganga atakuwa hajaondoka kabisa. Sijamwambia mtu neno hili.

Nimekwisha kuamua. Yule wa Sikonge akirudi nitamwelekeza kwa Kondo, maana sherehe haitanisubiri. Duka la mjini nitaliacha. Bila seti halitajilipia pango. Nitatafuta fundi wa kuchonga, niwambe ngoma za mninga hapa barazani, kwa kuwa hizo bado hakuna aliyesema, bila utani, kwamba ni zake peke yake. Kwenye kaunta ya Kondo siendi.

Nitakwenda kumwambia mwenyewe, na kabla ya neno lolote nitamwita Bwana Meneja, ili ajue kwamba nami sitanii.